Mlinzi wa Ukurasa wa Saba

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita: mimi ndiye yule binti aliyesomea ukutubi chuoni, akaenda kiwanda cha uchapaji kuomba kazi ya kusahihisha kalenda, akatoka akiwa mtunga silaha.

Sikuomba. Mwenye kiwanda, ambaye sote tunamwita Mama Mashine, aliniuliza, "Silaha unazijua?" Niliona haya kusema hapana mbele ya watu. Nikainamisha kichwa, naye akaandika ndiyo.

Tangu siku hiyo nina meza, rula, dadu yenye pande ishirini, na kazi ya kuamua panga linaumiza kiasi gani. Tuliachana nikiwa nimeitwa ofisini asubuhi, sufuria ya Shangazi mkononi, sijui kama naitwa kusifiwa au kufukuzwa.

Sikuitwa kusifiwa.

"Hiyo sufuria ya nini?" Mama Mashine akauliza.

"Ni kofia ya chuma, mama. Nilikuwa naipima uzito."

"Kilo ngapi?"

"Moja na robo. Bila mfuniko."

Akaandika. Ndivyo alivyo. Zamani aliwahi kuchapa kalenda elfu mbili zenye Juni ya siku thelathini na moja, na tangu hapo haamini kitu ambacho hakijajaribiwa. Juu ya mlango wake amebandika maneno aliyoyachapa mwenyewe kwa herufi nyekundu: KANUNI AMBAYO HAIJAVALIWA HAICHAPWI.

"Kaa."

"Nimesimama tu, mama. Asante."

"Kaa, binti. Hii ni Alhamisi ya ngapi tunajaribu mchezo wako?"

"Ya kumi na mbili."

"Alhamisi ya kwanza wachezaji walifika wapi?"

"Langoni."

"Ya tano?"

"Langoni."

"Juzi juzi hapa?"

Nilitazama sufuria.

Niwaeleze wasioujua mchezo wenyewe. Ni wa mezani. Kila mchezaji ana karatasi yenye mtu wake wa kubuni: jina lake, nguvu zake, silaha aliyoshika. Mimi ni msimulizi. Nawaambia wameona nini, wao wananiambia wanafanya nini, na dadu inaamua. Kila adui ana namba inayoitwa ulinzi, inayotokana na deraya, yaani mavazi ya vita aliyovaa. Ukirusha dadu ikafika namba hiyo, umempata. Isipofika, umepiga hewa.

Ukurasa wa saba kuna lango la mji. Mbele ya lango kuna mlinzi. Mmoja tu. Hajapitwa.

"Uliniambia maharamia wako ukurasa wa themanini," Mama Mashine akasema. "Joka liko ukurasa wa mia na ishirini. Na watu wangu wanashindwa na askari wa getini?"

"Ni askari hodari, mama."

"Ulinzi wake ngapi?"

"Ishirini na moja." Sauti yangu ilikuwa ya mbu.

"Na dadu ina pande ngapi?"

"Ishirini."

Mama Mashine akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akanitazama kama ananisoma upya.

"Sikiliza. Leo saa nane mchana Wakala anakuja, yule anayechagulia maduka michezo. Akipita lango akaona ndani kuna nini, anauchukua. Akikwama kama wengine, kesho chumba chenu nakifanya stoo ya karatasi. Wewe utarudi kwenye kalenda. Mwalimu nitamshukuru, aende zake."

Katika yote hayo nilisikia kitu kimoja.

"Mwalimu aende wapi?"

"Nitajuaje? Kwa walimu wenzake. Kabla ya saa nane huyo mlinzi awe kumi. Na hiyo sufuria iache hapa."

Nikaiacha. Hilo nalo lilikuwa kosa.

Sasa niungame, maana ndiyo sababu ya kuandika haya wiki baada ya wiki.

Mwalimu alikuwa akifundisha hesabu. Siku hizi anakaa chumba kimoja na mimi, meza ya ukutani, akipiga hesabu za dadu. Ni mwembamba. Goti lake la kushoto linamsumbua. Debe la wino likifunguliwa popote kiwandani anapiga chafya mara tatu, hazipungui hazizidi. Akigonga mlango kwa bega anauomba mlango radhi.

Nilipohitaji mlinzi wa ukurasa wa saba, niliandika: "Mlinzi ni mwembamba. Goti la kushoto linamsumbua. Hupiga chafya mara tatu."

Wallahi sikuona nimemwandika nani. Niliona Alhamisi ya kwanza, Shangazi aliposhika mkuki.

Shangazi ni dada wa baba yangu. Ninaishi kwake. Anashona sare za shule, na akiona mende anamwita jirani aje amtoe, amtoe tu, asimuue. Mama Mashine alipotafuta watu wa kujaribu mchezo nilimleta yeye, nikijua hatamdhuru mtu.

"Namchoma mlinzi shingoni," Shangazi akasema, huku anakata uzi kwa meno.

"Shingoni si pazuri," akasema Bucha. Huyu ni muuza nyama wa duka la jirani, mchezaji wetu wa pili, mtu mpole kabisa. "Pita chini ya mbavu, shangazi. Pale kisu kinaingia chenyewe."

Wakati huo ulinzi wa mlinzi ulikuwa tisa. Shangazi akarusha dadu. Kumi na nne.

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa amejikunyata pembeni na penseli yake, anapiga chafya.

"Umekosa," nikasema. "Ana... ana kofia ya chuma."

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Alhamisi ya pili nikampa kizibao cha ngozi. Ya tatu, glavu. Ya nne, kinga za magoti, zote mbili, ingawa linalouma ni moja. Ya sita nikampa fulana ya sufu ya kuvaa ndani, kwa sababu chuma asubuhi kina baridi, na fulana ikaongeza ulinzi kwa moja.

"Fulana inazuiaje mkuki?" Shangazi akauliza.

"Ni nzito."

"Mimi ni fundi nguo miaka ishirini na sita. Huyu mtu kila Alhamisi ana nguo mpya. Nani anamshonea?"

Silaha nazo nilizitunga kwa mkono mlegevu. Niliandika kwamba anayepigwa rungu akae chini zamu moja na apewe maji. Mama Mashine akafuta maji. Niliandika kwamba mshale ukimpata mtu, mpigaji aseme pole. Akafuta pole. Kilichopita bila kuguswa ni silaha aliyoidai Shangazi mwenyewe, sindano: madhara moja tu, lakini adui hajui imemwingia wapi.

Hilo ni ungamo la kwanza. Lipo la pili. Litasubiri zamu yake, kama nilivyolisubirisha mimi.

Saa saba mchana nikaingia chumbani kwetu. Katikati ya chumba alikuwa amesimama mwanamume wa bati.

Mama Mashine alikuwa amemwita fundi wa mabati. Wakala lazima aone kanuni imevaliwa, alisema. Fundi akachukua bati za zamani za kuchapia kalenda, akazikata, akazikunja, akaziunga kwa misumari ya ribiti. Kifuani ilisomeka Machi. Mgongoni Oktoba. Goti la kushoto lilikuwa na wiki ya mwisho ya Julai. Na kichwani, ikiwa imetobolewa tundu la macho na kufungwa shingoni kwa makomeo manne, ilikuwa sufuria ya Shangazi.

"Ni wewe?" sufuria ikauliza.

"Ni mimi, Mwalimu."

Miezi yote hiyo mimi na yeye tulikuwa tumesemezana mambo mawili: "Habari za asubuhi" na "Naomba rula." Nikimtazama usoni maneno yananikauka. Lakini sasa uso haukuwepo. Kulikuwa na sufuria, na sufuria nimezizoea.

"Unaumia?"

"Hapana. Najisikia kama mwaka mzima umenikalia."

Nikacheka. Naye akacheka, bati zikalia.

"Mama Mashine anataka mlinzi awe kumi," nikasema.

"Nimesikia." Akahesabu kwa vidole vya bati. "Kwa ishirini na moja, nafasi ya kumpata ilikuwa sifuri. Kwa kumi ni mara kumi na moja katika ishirini. Zaidi ya nusu."

"Ile sifuri ulikuwa unaijua?"

"Tangu wiki ya tisa. Hesabu ndiyo kazi yangu."

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukupunguza?"

Nikajifanya natafuta wino mweupe. Nikamwaga mwingi mno, ishirini na moja ikazama kwenye dimbwi jeupe, juu yake nikaandika kumi.

"Samahani," nikasema.

"Mwambie mlinzi."

"Ndiye ninayemwambia."

Sufuria ikanigeukia polepole. Nadhani alikuwa anatafuta tundu la macho.

"Jalada lako kubwa liko kabatini," akasema. "Mama Mashine aliniagiza niweke namba za kurasa. Nimemaliza jana."

Nikalitazama kabati.

"Kurasa zote?"

"Zote."

"Ukaona..."

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Shangazi aliingia na mkoba wake wa kushonea, Bucha nyuma yake akiwa na aproni safi. Shangazi akatazama Machi, akatazama Julai, kisha akainua macho.

"Hiyo ni sufuria yangu."

"Shikamoo Shangazi," nikasema.

"Marahaba. Hiyo ni sufuria yangu."

"Tutakununulia nyingine."

"Sitaki nyingine. Leo huyu mlinzi simwachi. Nitaitoa kichwani mwake mwenyewe."

Mwalimu akarudi nyuma hatua moja. Oktoba ikagonga kabati, naye akaliomba kabati radhi.

Wakala alifika saa nane kamili, mtu mfupi mwenye mkoba wa ngozi na kalamu tatu mfukoni. Hakucheka. Jambo likimpendeza aliandika, lisipompendeza pia aliandika. Mama Mashine akamketisha na yeye mwenyewe akakaa mlangoni, mikono kifuani.

Wakala akasoma jedwali la silaha.

"Rungu, dadu ya pande sita. Shoka, ya pande nane. Hii sindano ni ya nani?"

"Yangu," Shangazi akasema kwa fahari.

Akaandika. "Mimi nachukua shoka. Na huyu bwana wa bati?"

"Ni mlinzi," nikasema. "Anaonyesha deraya jinsi inavyovaliwa. Kanuni ya ukurasa wa nne: deraya kamili haivuliwi na aliyeivaa. Inahitaji msaidizi mmoja na zamu tatu."

"Mmeijaribu?"

"Tangu saa tano yumo humo," Mama Mashine akajibu kutoka mlangoni. "Ameshindwa kutoka."

Wakala akaandika sana.

Nikafungua jalada. "Mmefika kwenye mji," nikaanza. "Mbele ya lango amesimama mlinzi..."

"Namchoma!" Shangazi akasema.

Kama kawaida yake. Akarusha dadu. Nne.

Bucha akarusha yake. Tisa.

"Moja tu!" akalia, akijipiga paja. "Moja tu, jamani!"

Wakala akaitikisa dadu kiganjani kama mtu asiye na haraka, akaiachia. Ikazunguka, ikagonga mkoba wake, ikatulia.

Kumi na saba.

"Inampata?" akauliza.

Wote wakanitazama. Nikatazama dimbwi jeupe kwenye karatasi.

"Inampata."

Shangazi akapiga kelele ya arusi. Akamkumbatia Bucha, Bucha akamkumbatia Wakala, Wakala akabaki mikono ubavuni kama kabati linalohamishwa. Kisha akarusha dadu ya shoka. Tano.

Uhai wa mlinzi ulikuwa sita. Amebakiwa na moja.

"Mlinzi anapiga goti," nikasema. Ndivyo kanuni inavyosema kwa aliyebakiwa na moja.

Na Mwalimu, mtu mtiifu, akapiga goti. Lile la kushoto. Julai ikajikunja, akaanguka kwa sauti ya kabati la vyombo lililopinduliwa. Halafu chumba cha pili mtu akafungua debe la wino.

Akapiga chafya ndani ya sufuria. Mara ya kwanza ikalia kama kengele ya shule. Ya pili. Ya tatu.

"Nipisheni," Shangazi akasema, akichukua dadu. "Nimemngoja tangu Alhamisi ya kwanza."

"Subiri," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Mimi huwa sisikiki.

"Pale pale chini ya mbavu," Bucha akamkumbusha.

"SUBIRI!"

Shangazi akabaki mkono hewani. Hata mashine ya kukunja karatasi ilinyamaza, ingawa nadhani zile zilikuwa karatasi zimekwama.

"Mlinzi hajasemwa mpaka mwisho," nikasema.

"Nini?" Mama Mashine akauliza.

"Sentensi yake. Haijaisha. Alhamisi kumi na mbili nasoma 'Mbele ya lango amesimama mlinzi', Shangazi anasema namchoma. Sijawahi kufika kwenye nukta."

"Ungesema," Shangazi akasema.

"Niliona haya kukukatiza."

"Soma basi," Wakala akasema.

Nikasoma. Safari hii nilisoma mpaka kwenye nukta: "Mbele ya lango amesimama mlinzi mwembamba ambaye hana ugomvi na mtu. Lango halina kufuli. Mlinzi humfungulia yeyote anayesalimiana naye."

Bucha ndiye aliyetangulia kuelewa. "Yaani tungesema habari za leo tu?"

"Ndiyo."

"Nimevunja mikuki minne!" Shangazi akafoka. "Nimepoteza punda! Bucha alikatwa kidole!"

"Cha kwenye karatasi," Bucha akasema, "lakini niliumia."

"Basi kazi ni nyepesi," Wakala akasema. "Msalimieni tupite."

Shangazi akakunja mikono.

"Nani amsalimie? Mimi? Huyu ni kijana. Amenisimamia mbele miezi mitatu, hajanifungulia hata mdomo. Mimi ndiye nianze?"

"Shangazi, tafadhali."

"Hapana, mwanangu. Bora niendelee kumchoma."

"Nitamsalimia mimi," Bucha akasema. "Habari za kazi, kamanda?"

"Kaa chini, Bucha! Tunaingia wote au haingii mtu. Tuliapiana hivyo wiki ya pili."

Ni kweli, waliapiana. Bucha akakaa chini.

Nikamtazama Mama Mashine. Alikuwa anatazama kuta, kwa macho ya mtu anayepima rafu za karatasi zitakaa wapi. Njia imepatikana baada ya miezi mitatu, na sasa chumba kitafungwa kwa sababu ya nani amwamkie nani.

Ndipo kutoka sakafuni, kutoka ndani ya sufuria, ikaja sauti ya adabu kabisa.

"Shikamoo, Shangazi."

Shangazi akageuka. Akaiweka mezani karatasi yake yenye mkuki. Uso ukamlegea kama kitambaa kilichotiwa maji.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Na hilo goti?"

"Linauma kidogo."

"Maskini. Kusimama kote huko. Na hiyo fulana umevaa?"

"Nimevaa."

"Vizuri. Usiivue."

"Lango limefunguka," nikasema.

Bucha akapiga makofi. Wakala aliandika nusu ukurasa bila kuinua kichwa, kisha akafunga kalamu ya kwanza na kufungua ya pili.

"Miaka mingi nafanya kazi hii," akasema. "Sijawahi kuona adui anayeamkia. Haya. Tumepita. Tuko ndani. Kuna nini?"

Sasa ungamo la pili. Zamu yake imefika.

Hapakuwa na ndani.

Hapakuwa na ukurasa wa nane. Maharamia na joka niliwataja siku Mama Mashine aliponiuliza kama mchezo umefika mbali, na nikaona haya kusema hapana. Kila asubuhi nilikaa niandike ukurasa wa nane. Kila asubuhi niliwaza yule mtu amesimama nje peke yake, watu wanakuja na mikuki, nikajikuta naandika glavu. Jalada langu nene lilikuwa na kurasa saba, tatu zake zikiwa za nguo za mlinzi. Zilizobaki zilikuwa karatasi nyeupe za kulinenepesha.

Na Mwalimu aliziwekea namba, moja moja. Alizigusa zote.

"Binti," Mama Mashine akasema. "Wakala anasubiri."

"Mama, kuna jambo..."

"Soma ukurasa wa nane."

Nikamtazama mlinzi. Sufuria ilikuwa imeinama, kama inasoma Machi.

Nikasema moyoni: bora waone wenyewe. Nikageuza.

Ukurasa wa nane ulikuwa umeandikwa.

Mwandiko ulikuwa mdogo, wa penseli, na kila namba saba ilikuwa na mkato tumboni. Kiwanda kizima, anayeandika saba hivyo ni mmoja.

Nikasoma kwa sauti kabla akili haijanikataza: "Nyuma ya lango kuna chumba. Ndani ya chumba kuna meza mbili. Kwenye meza ya dirishani ameketi mtunga silaha."

Nikainua macho.

"Endelea," Wakala akasema.

"Silaha yake: rula. Madhara: hayajulikani, ila kwa anayemtazama muda mrefu. Deraya: haonekani kuvaa yoyote."

"Ulinzi wake?" Bucha akauliza. Alikuwa ameshika dadu tayari.

Herufi zilikuwa zinacheza mbele yangu. "Ishirini na moja."

Bucha akaiweka dadu chini taratibu. Kisha akavua kofia yake ya kazi, kama mtu aliyeingia mahali asipotegemewa.

Shangazi alinitazama mimi. Akatazama dirisha, na meza yangu chini yake, na rula yangu juu ya meza. Kisha akaitazama sufuria yake kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama ikiwa jikoni.

"Malizia," akaniambia kwa upole unaotisha.

"Hapitiki kwa silaha yoyote. Mlinzi wa lango, ambaye amemkalia karibu siku zote hizi, amejaribu hesabu zote zikagoma. Kwa anayetaka kumpita, njia ni moja tu. Lazima..."

Ukurasa ukaisha.

"Geuza," Wakala akasema.

"Usigeuze!"

Mwalimu alikuwa amesimama. Sikujua ana sauti ya kiasi hicho. Ilizunguka ndani ya sufuria ikatoka na mwangwi. "Usigeuze, nakuomba. Hapo niliandika... Sikujua patasomwa mbele ya watu. Nilijua hakuna atakayepita lango. Nafasi ilikuwa sifuri!"

Akajaribu kuvuta makomeo ya shingoni, vidole vya bati vikateleza. Deraya kamili haivuliwi na aliyeivaa. Kanuni yangu mwenyewe, na ilikuwa inafanya kazi vizuri sana.

"Kwanza mvueni sufuria yangu," Shangazi akasema, akikunja mikono ya gauni. "Nimwone vizuri huyu anayemwandika binti yangu kwa penseli."

"Hakuna kumvua mtu," Mama Mashine akasema. "Tuko kazini. Bwana Wakala, mchezo umeuona. Unasemaje?"

Wakala alifunga kalamu ya pili, akaipanga kando ya ile ya kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, pembe za midomo yake zilipanda.

"Jibu langu," akasema, "liko ukurasa wa tisa."

Nikigeuza, yaliyomo moyoni mwa mtu yule yatamwagwa mezani mbele ya muuza nyama, na yeye amefungiwa ndani ya sufuria hana hata pa kukimbilia. Nisipogeuza, kesho kuna marundo ya karatasi palipo na meza yake.

Nikatembea mpaka pale alipo, jalada mkononi. Ndani ya tundu la macho, kwa mara ya kwanza, niliyaona macho yake yakinitazama, na sikuyakwepa.

"Mwalimu," nikasema, "msaidizi mmoja na zamu tatu."

"Ndiyo," sufuria ikajibu kwa kunong'ona. "Ukurasa wa nne."

Mkono wa kushoto nikauweka kwenye komeo la kwanza. Wa kulia ukashika pembe ya ukurasa wa nane.

"Zamu ya kwanza," nikasema, na vyote viwili vikaanza kufunguka.